Tubishane, Lakini Tushike Kalamu

Ndugu msomaji, wewe uliye Nyabusozi unazijua kelele za watu wanaobishana juu ya Taifa Stars. Huna haja ya kwenda Dar es Salaam kuzisikia. Dar es Salaam iko mbali, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Biharamulo. Lakini mechi ikikaribia, ubishi huanza hapa hapa kijijini. Huanza kwenye kibanda cha chai, kwenye mashine ya kusaga, kwenye kilabu cha rubisi, na kwenye kibanda umiza, mahali ambapo watu hutoa pesa kidogo ili wabanane mbele ya televisheni moja.

Mmoja husema timu hii haina kitu. Wa pili husema kocha hajui kazi yake. Wa tatu husema wachezaji wanapenda Simba na Yanga kuliko Taifa. Wa nne, na huyu mara nyingi ni mzee, huwaambia vijana kwamba wao hawajauona mpira. Kisha wote hupaza sauti kwa pamoja, na hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Kubishana si vibaya. Timu ni ya Taifa, kwa hiyo ni yako pia. Kama ni yako, una haki ya kuisema. Lakini wewe sasa unajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Usibishane kama mtu asiyekuwa na silaha hiyo. Chukua kalamu na karatasi, tuutazame pamoja ubishi mmoja mkubwa. Ni ubishi uliotangulia mechi ya Tanzania na Uganda, Jumapili tarehe 24 Machi 2019.

KUNDI LA TIMU NNE

Mechi hiyo ilikuwa ya kutafuta nafasi ya kwenda Misri, kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Kupata nafasi hiyo huitwa kufuzu. Tanzania ilikuwa imefuzu mara moja tu, kwa fainali za mwaka 1980 kule Nigeria. Toa 1980 kutoka 2019. Unapata miaka 39. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa ameshakuwa baba au mama wa watoto wakubwa, na hajaiona timu yake ikicheza fainali hizo.

Kundi letu lilikuwa na timu nne: Uganda, Tanzania, Lesotho na Cape Verde. Cape Verde ni nchi ya visiwa katika bahari ya Atlantiki, upande wa magharibi wa Afrika. Kila timu hucheza na kila mwenzake mara mbili, mara moja nyumbani na mara moja ugenini. Kwa hiyo kila timu hucheza mechi sita. Ukishinda unapata pointi 3. Mkitoka sawa, kila mmoja anapata pointi 1. Ukishindwa hupati kitu. Timu mbili za juu hufuzu.

Sasa andika matokeo yetu ya mechi tano za kwanza. Juni 2017 tulicheza na Lesotho nyumbani, tukatoka 1-1. Andika pointi 1. Septemba 2018 tulikwenda Uganda, tukatoka 0-0. Watangazaji wa mpira huita matokeo hayo suluhu. Andika pointi 1 nyingine. Oktoba 2018 tulikwenda Cape Verde, tukafungwa 3-0. Siku nne baadaye Cape Verde wakaja Dar es Salaam, nasi tukawafunga 2-0. Andika pointi 3. Novemba 2018 tulikwenda Lesotho, tukafungwa 1-0.

Jumlisha: 1 na 1 na 3. Ni pointi 5.

Mechi ile ya Lesotho ndiyo iliyowakasirisha watu. Lesotho ni nchi ndogo, imezungukwa pande zote na Afrika Kusini. Watu walikuwa wameshaanza kuhesabu tiketi ya Misri mfukoni. Bao moja likawatoa kwenye ndoto. Tangu siku ile hadi Machi, miezi minne nzima, ukimtaja kocha mbele ya watu ulikuwa unatafuta ugomvi.

Kocha mwenyewe alikuwa Emmanuel Amunike wa Nigeria. Si mtu wa kubahatisha. Mwaka 1994 alifunga mabao yote mawili yaliyoipa Nigeria kombe la Afrika mbele ya Zambia, na baadaye aliichezea Barcelona ya Hispania. Lakini alipofika Tanzania mwaka 2018, aliwaacha wachezaji kadhaa, wengi wao wa Simba, kwa sababu walichelewa kufika kambini. Wengine walimsifu, wakasema huyu ndiye kocha, anataka nidhamu. Wengine walisema anawatupa wachezaji wazuri kwa ajili ya saa chache. Kushindwa na Lesotho kukawapa hawa wa pili maneno mengi.

MLANGO ULIKUWA WAZI KIASI GANI?

Kabla ya mechi ya mwisho, Uganda walikuwa na pointi 13. Walikuwa wameshafuzu. Lesotho walikuwa na pointi 5 na Tanzania pointi 5. Cape Verde walikuwa na 4. Siku moja, Tanzania wangecheza na Uganda mjini Dar es Salaam, na Cape Verde wangecheza na Lesotho kwao Cape Verde.

Hapo ndipo watu wengi walipopotea. Walisema, "Sisi na Lesotho tuna pointi sawa, basi tuko sawa." Hatukuwa sawa. Timu mbili zikilingana pointi, hutazamwa kwanza mechi walizocheza wao kwa wao. Sisi na Lesotho tulitoka 1-1, kisha wakatufunga 1-0. Katika mechi hizo mbili wao walipata pointi 4, sisi 1. Kwa hiyo wao walikuwa mbele yetu.

Tuseme Tanzania tunafungwa. Tunabaki na 5. Wenzetu wawili wanacheza wao kwa wao, kwa hiyo lazima mmoja wao au wote wapate pointi. Tumekwisha.

Tuseme tunatoka sare. Tunafika 6. Lesotho nao wakitoka sare wanafika 6, lakini wao wako mbele. Wakishinda wanafika 8. Cape Verde wakishinda wanafika 7. Popote utakapogeukia, tumekwisha.

Tuseme tunashinda. Tunafika 8. Lesotho wakishinda nao wanafika 8, wanatupita. Lakini wakitoka sare wanafika 6 tu. Na Cape Verde wakishinda wanafika 7 tu. Tumefuzu.

Tazama karatasi yako. Tulihitaji ushindi wetu wenyewe, halafu katika mechi ile nyingine matokeo mawili kati ya matatu yalikuwa mazuri kwetu. Yule aliyesema "hakuna matumaini" hakuwa amehesabu. Na yule aliyesema "sare inatosha, tusiwashambulie Waganda" hakuwa amehesabu pia. Huyu wa pili alikuwa wa hatari zaidi, kwa sababu maneno yake yalionekana kuwa ya busara.

WAGANDA WATATUACHIA?

Kulikuwa na ubishi mwingine, nao huku Kagera ulikuwa na utamu wake. Sisi na Waganda tumepakana. Tunauziana ndizi, tunaoana, na mtu wa Kagera hakosi shemeji au rafiki ng'ambo ya Mutukula. Basi watu wakasema, "Uganda wameshafuzu. Hawana haja na mechi hii. Watatuachia."

Wengine wakajibu kwa hasira kwamba jirani ndiye asiyependa kukuona unapanda. Na hawa walikuwa na namba moja nzito mkononi. Katika mechi zao tano, Uganda hawakuwa wamefungwa hata bao moja. Kipa wao alikuwa Denis Onyango, aliyekuwa akicheza Afrika Kusini na kujulikana Afrika nzima. Timu yenye ukuta wa namna hiyo haiji Dar es Salaam kuuvunja yenyewe.

Upande wetu kulikuwa na Mbwana Samatta. Kijana huyu wa Dar es Salaam alitoka Simba mwaka 2011 akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, huko Kongo. Mwaka 2015 alitwaa nayo ubingwa wa klabu za Afrika. Wakati wa mechi hii alikuwa Genk ya Ubelgiji, akiwa nyota wa timu hiyo. Kulikuwa pia na Simon Msuva, aliyetoka Yanga akaenda kucheza Morocco. Swali la watu lilikuwa hili: mbona wakiwa huko wanafunga, na wakivaa jezi ya Taifa mabao yanakuwa ya shida?

Ukiwa mkulima swali hili si gumu kwako. Mbegu ni ile ile, shamba ni tofauti. Huko Samatta alifanya mazoezi na wenzake kila siku, mwaka mzima. Kwenye Taifa Stars hukutana na wenzake siku chache, kisha huingia uwanjani.

Ninataka niseme neno hapa kuhusu watu wanaoweka pesa zao kwenye matokeo. Zamani watu waliwekeana jogoo. Siku hizi mtu hutoa simu mfukoni na kubeti pesa ya mbolea kabla mpira haujaanza. Hesabu tuliyofanya hapo juu inakuonyesha mlango ulivyokuwa wazi. Haikuonyeshi nani atapita. Mambo hayo mawili usiyachanganye, mbolea yako isije ikaishia kwenye simu.

SIKU YENYEWE

Jioni ile uwanja mkubwa wa Taifa ulijaa watu. Mwaka uliofuata, 2020, uwanja huo ulipewa jina la Benjamin Mkapa, Rais wa awamu ya tatu. Una viti 60,000.

Katika kipindi cha kwanza Simon Msuva alifunga. Ukuta wa Uganda, ambao ulikuwa haujapitwa kwa mechi tano, ukapitwa. Kipindi cha pili kilipoanza Tanzania ikapata penalti. Erasto Nyoni akaipiga, ikaingia. Muda mfupi baadaye Aggrey Morris akafunga kwa kichwa. Tatu bila.

Lakini msomaji mwenye karatasi yake alijua kwamba kazi ilikuwa nusu tu. Habari kutoka Cape Verde ilikuwa inasubiriwa. Ilipofika, ilikuwa suluhu: Cape Verde 0, Lesotho 0. Lesotho wakafika pointi 6, Cape Verde 5. Sisi tulikuwa na 8.

Siku iliyofuata Rais John Magufuli aliwaita wachezaji Ikulu na kuwazawadia viwanja mjini Dodoma. Hayati Magufuli alikuwa mtu wa Chato, na Chato zamani ilikuwa sehemu ya wilaya yetu ya Biharamulo. Kwa hiyo furaha ile ilikuwa na sehemu yake hapa.

FURAHA YA MIEZI MITATU

Furaha haikukaa. Juni 2019 kule Misri tulifungwa na Senegal 2-0. Tukafungwa na Kenya 3-2, ingawa tulikuwa mbele mara mbili. Tukafungwa na Algeria 3-0. Mechi tatu, pointi sifuri. Senegal na Algeria ndio waliokuja kukutana kwenye mechi ya mwisho ya mashindano yale, kwa hiyo kundi halikuwa la mzaha. Lakini Kenya? Mechi ya Kenya iliwauma watu kuliko zile nyingine mbili pamoja.

Julai 2019 Amunike akaondoka. Watu wale wale waliombeba mabegani mwezi Machi walisema walijua tangu mwanzo.

Hapa nina maoni yangu, nawe unaweza kuyakataa. Sisi tunabadilisha makocha upesi mno. Mwaka 2006 alikuja Márcio Máximo wa Brazil, akakaa hadi 2010. Baada yake wakaja Wadenmaki wawili, Jan Poulsen na Kim Poulsen. Akaja Mart Nooij wa Uholanzi. Wakafuata Watanzania, Charles Boniface Mkwasa na Salum Mayanga. Kisha Amunike. Kisha Etienne Ndayiragije wa Burundi, jirani wa watu wa Ngara. Kim Poulsen akarudi mara ya pili. Akaja Honour Janza wa Zambia, kisha Adel Amrouche wa Algeria, kisha Hemed Suleiman, Mtanzania, ambaye watu humwita Morocco. Mwishoni mwa 2025 timu ikakabidhiwa Miguel Gamondi wa Argentina. Ukihesabu majina, ni wengi kuliko fainali tulizocheza. Mgomba wenyewe unahitaji muda kutoa mkungu. Ukiuhamisha kila msimu utakula nini?

Anayepinga atasema Máximo alikaa miaka minne na hakutupeleka fainali hizi kubwa. Ni kweli. Lakini alitupeleka fainali za kwanza za CHAN mwaka 2009, ambazo ni za wachezaji wa ligi za nyumbani tu, na kule tuliwafunga wenyeji Ivory Coast 1-0. Mwandikie hilo nalo.

MZEE WA 1980

Sasa tumrudie yule mzee anayesema vijana hawajauona mpira. Usimkatize. Anayo habari yake.

Agosti 1979 mkoa wa Kagera ulikuwa ndio kwanza umetoka katika vita vya Idi Amin. Watu walikuwa wakijenga upya. Mwezi huo Tanzania iliifunga Zambia 1-0 mjini Dar es Salaam, kwa bao la Mohammed Rishard, aliyejulikana kwa jina la Adolf. Kisha timu ikaenda Ndola, Zambia. Zambia wakafunga. Hesabu ikawa 1-1 kwa mechi zote mbili. Ndipo Peter Tino akasawazisha dakika za mwisho. Ndola 1-1, jumla 2-1, na Tanzania ikafuzu. Wengi waliipata habari hiyo kwa redio. Hapakuwa na kibanda umiza.

Golini alikuwapo Juma Pondamali. Nyuma walikuwapo Leodegar Tenga na Jella Mtagwa. Machi 1980 mjini Lagos walifungwa na Nigeria 3-1, wakafungwa na Misri 2-1, wakatoka 1-1 na Ivory Coast. Thuweni Ally alifunga mabao mawili kati ya hayo matatu.

Basi mzee ana haki ya kujivuna. Lakini mwambie kwa heshima, "Mzee, shikamoo, naomba na mimi nihesabu." Halafu umfungulie karatasi.

1980: mechi tatu, sare moja. 2019: mechi tatu, zote tumefungwa. Januari 2024 kule Ivory Coast: tulifungwa na Morocco 3-0, tukatoka 1-1 na Zambia, tukatoka 0-0 na Kongo. Mechi tatu, sare mbili. Mechi ya Zambia itakuuma ukiikumbuka, maana tulikuwa mbele, wao wakiwa kumi uwanjani, nao wakasawazisha dakika ya 88.

Kisha Morocco, Desemba 2025. Nigeria walitufunga 2-1. Tukatoka 1-1 na Uganda, wale wale. Tukatoka 1-1 na Tunisia, kwa bao la kusawazisha la Feisal Salum. Pointi mbili tu. Lakini safari hii timu za tatu zilizo bora nazo zilipita. Sisi na Angola tulikuwa na pointi 2 kila mmoja. Sisi tulifunga mabao 3 tukafungwa 4. Wao walifunga 2 wakafungwa 3. Tofauti ya mabao ikawa sawa. Basi wakatazama nani amefunga zaidi. Tukapita kwa bao moja tu, mara ya kwanza katika historia yetu kuvuka makundi. Tarehe 4 Januari 2026 tulikutana na wenyeji Morocco mjini Rabat, wakatufunga 1-0.

Jumlisha zote. Mechi 13. Sare 5. Kufungwa 8. Kushinda, hakuna hata mara moja. Mabao yetu ni 9.

Karatasi hii inaweza kusomwa na watu wawili wakatoka na maneno mawili. Mmoja ataonyesha ile sifuri ya ushindi na kusema, "Miaka 46, na bado." Mwingine ataonyesha kwamba kati ya 1980 na 2019 hatukuwapo kabisa, na tangu 2019 tumefuzu mara tatu, na kwamba mwaka 2019 tulipata pointi 0, kisha 2, kisha 2 na kuvuka. Wote wawili wanasema kweli. Huo sasa ni ubishi wa watu wazima.

MTOTO ANAYECHEZA NA MPIRA WA MAJANI

Kuna swali ambalo kwenye kibanda umiza halisemwi sana. Wachezaji hawa hutoka wapi?

Ukipita vijijini kwetu saa kumi jioni utawaona watoto na mpira wa majani makavu ya migomba, umefungwa kwa kamba. Wanacheza pekupeku, na wengine wana miguu hodari kweli. Mashindano ya shule yapo: UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Mtoto akionekana huko anaweza kupanda kutoka kata hadi wilaya, wilaya hadi mkoa, mkoa hadi taifa. Lakini ili aonekane, lazima kwanza awe na mahali pa kuchezea na mtu mzima wa kumwangalia. Kiwanja cha shule kikilimwa mahindi, au kikigeuzwa njia ya ng'ombe, mtoto huyo hataonekana na mtu yeyote.

Bukoba kuna uwanja wa Kaitaba, na kwa miaka mingi Kagera Sugar ilicheza hapo na Simba na Yanga. Ni mbali na Nyabusozi, lakini si mbali kama Dar es Salaam. Uliza shuleni kwenu mpira wa kweli uko wapi, nani anaushika, na mara ya mwisho timu ya kata ilicheza lini. Mwalimu atakujibu, na kama hana mpira atakuambia hana.

Septemba 2023 wakuu wa mpira wa Afrika waliamua kwamba fainali za 2027 ziandaliwe kwa pamoja na nchi tatu: Tanzania, Kenya na Uganda. Ni Wakenya wale waliotufunga 3-2 na Waganda wale tuliowafunga 3-0. Huko kwenye mashine ya kusaga wameshaanza kuulizana nani atacheza mbele Samatta na Msuva wakizeeka, na kama kocha aliyepo atakuwa bado yupo.